Mdudu wa Kesho na Mdudu wa Papo Hapo

Mume wangu alikuwa juu ya gogo, kaka yangu alikuwa chini shimoni, na mimi nilikuwa njiani kuwapelekea uji. Nimeulizwa mara nyingi mno niliona nini asubuhi ile, mpaka nimechoka kujibu kwamba sikuona kitu. Nilisikia tu.

Ilikuwa masika, katika miaka ya Waingereza, kabla vita vya pili havijaanza kutuchukulia vijana. Tulikaa ng'ambo ya ghuba ya Mwanza, upande wa Sengerema, mahali ambapo msitu ulishuka hadi majini. Siku hizi pale ni mihogo na mapaa ya bati. Wakati ule mivule ilikuwa minene kiasi kwamba ukiingia chini yake saa sita mchana ilibidi usimame kwanza, macho yazoee giza. Wanaume wetu walikuwa wapasuaji mbao. Walichimba shimo lenye kina kuliko kimo cha mtu, wakalaza gogo juu yake, kisha mmoja akasimama juu ya gogo na mwenzake akaingia shimoni, na msumeno mrefu ukawa unapanda na kushuka kati yao. Wa juu huufuata mstari. Wa chini huvuta, na unga wote wa mbao humwagikia usoni. Kwa sababu hiyo watu hupokezana, leo wewe, kesho mimi.

Wale wawili hawakupokezana. Mume wangu alikuwa na kikohozi tangu mvua zianze, na kwa wiki tatu kaka yangu ndiye aliyeshuka shimoni kila siku. Mwanzoni hakusema kitu. Jioni ya kuamkia siku ile, tukila ugali kwa mama yetu, alisema.

"Shemeji, kesho shimo ni lako."

"Kifua changu hakijapona."

"Kinapona kila jioni, pombe ikiiva."

Mume wangu aliweka tonge chini. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na pengine ndiyo maana machache aliyosema yalikumbukwa. "Iko siku," alisema, "utapata sababu ya kulia kweli." Mama alisikia. Mimi nilisikia. Hata mtoto wangu wa miezi saba aliacha kunyonya akageuza kichwa.

Asubuhi kaka akashuka shimoni tena.

Nilikuwa nimebakiza kama hatua mia hivi nilipomsikia akipiga kelele. Si kelele ya mtu aliyejikata. Mtu aliyejikata hupiga mara moja, kisha hutazama kidonda. Hii haikukatika. Nilikuwa na kibuyu cha uji kichwani na mtoto mgongoni, nami nilikitua kile kibuyu taratibu, nikakiegemeza kwenye mzizi kisimwagike, ndipo nikakimbia. Mpaka leo sielewi kwa nini nilifanya vile.

Kaka alikuwa anapapasa ukuta wa shimo kwa mikono miwili, uso ameuelekeza juu, macho ameyafumba, machozi na kamasi vinamtiririka hadi kifuani. Mume wangu alikuwa amelala kifudifudi juu ya gogo, amemnyooshea mkono. Kaka alipougusa ule mkono aliupiga kofi.

"Umenimwagia nini? Umenimwagia nini machoni?"

"Sijamwaga kitu! Nishike mkono!"

"Umenimwagia!"

Tulimtoa kwa shida. Nilimwosha kwa maji ya ziwa, nikakamulia maziwa yangu kwenye jani nikamtilia matone machoni, kama tunavyowafanyia watoto. Hakuona. Nilimfunua kope, nikaliona jicho lenyewe, jekundu kama nyama iliyochunwa, na akasema haoni hata mwanga.

Wakataji wengine walikuja mbio. Mmoja aliokota kisu cha mume wangu penye kifurushi chake cha chakula. Kisu kilikuwa na utomvu mweupe uliokauka. Kila mtu aliutambua. Ni maziwa ya mnyaa, ule mmea wa uzio ambao tunawachapa watoto wasiucheze kwa sababu tone moja likiingia jichoni linachoma papo hapo na linaweza kulipofusha.

"Mimi ndiye niliyemtuma," nilisema. "Alfajiri nilimwambia akate minyaa tuzibe zizi la mbuzi. Nendeni mkaangalie."

Walinitazama kwa huruma. Mke atasema nini kingine?

Kabla ya saa sita mume wangu alikuwa kwa mwanangwa, yaani msaidizi wa mtemi aliyesimamia kijiji chetu. Mwanangwa hakuwa mtu mbaya. Alimfunga kwenye nguzo ya ghala lake, akasema ni kwa usalama wake, na nadhani alisema kweli, maana binamu zetu walikuwa wamekwisha kuja na marungu. Kisha akatangaza: siku ya nne atakaa baraza. Ikithibitika kwamba mtu amempofusha mwenzake kwa makusudi, jambo hilo ni kubwa kuliko yeye, na mashua ya mbao itamvusha mtuhumiwa hadi Mwanza kwa Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya. Mashua ilikuwa imetia nanga pale ufukweni, ikingoja mbao ambazo sasa hazikuwa na mtu wa kuzimalizia. Kila nikienda kuteka maji niliiona.

Siku ya pili nilikwenda kwa miguu kumwita dresa, yaani mganga msaidizi wa dispensari. Alikuwa mtu wa Bukoba, mwembamba, mwenye kupenda usafi hata akawa anatembea na kitambaa cha kufutia viatu. Njiani nilimweleza kila kitu, na nilimweleza pia tumaini langu. Tumaini hilo lilikuwa mdudu.

Kila masika hutoka kwenye majani mabichi na matope ya mashamba mdudu mmoja mwembamba, mrefu kama punje ya mpunga, mwenye pingili nyekundu na nyeusi mithili ya shanga, na kiuno chake kinang'aa rangi ya bluu kama chuma kilichopita motoni. Hukimbia amekunja mkia. Haumi wala hachomi. Lakini ukimponda juu ya ngozi, maji yake yanabaki kwako, nawe hujui. Unalala vizuri. Kesho yake unaamka na mstari mwekundu mahali ulipomponda, na mstari huo unafanya malengelenge kama uliomwagikiwa maji ya moto. Ukiwa umejifuta jicho kwa mkono ule, jicho linavimba mpaka linafunga. Dresa aliwatibu watu wa namna hiyo kila mwaka.

"Si ni yule, bwana dresa?" nilimwuliza. "Lazima ni yule."

"Tutaona, mama."

Kwa mama yetu nyumba ilikuwa imejaa. Kaka alikuwa ameketi kwenye mkeka na kitambaa usoni, na karibu yake pana bakuli la majani yaliyotwangwa. Mjumbe wa mwanangwa alisimama mlangoni. Dresa akanawa mikono, akafunua kitambaa, akatazama muda mrefu.

"Ulianza kuumwa lini?"

"Pale pale," kaka alijibu. "Nilikuwa nimefungua kinywa niseme neno, na sikulimaliza."

"Siku iliyotangulia hukumponda mdudu? Hukuwashwa popote?"

"Hapana."

Dresa alitikisa kichwa. Nilimkazia macho aniangalie, hakuniangalia. "Basi si yule mdudu," alisema, na sauti yake ilisikika hadi mlangoni. "Yule ni mdudu wa kesho. Maumivu yake huchelewa siku nzima. Huyu ameungua papo hapo."

Nilitamani aongope. Ningemlipia dhambi hiyo kwa chochote. Mjumbe aliondoka kupeleka habari, na mama yangu, aliyekuwa hajasema nami neno tangu jana, alinyanyua kichwa.

"Mchukue mtoto wako," alisema, "uende kwako. Ukirudi hapa, rudi bila jina la yule mtu mdomoni."

Jioni ile nilimpelekea mume wangu chakula. Mlinzi aliniruhusu nikae karibu. Kamba ilikuwa imemvimbisha vifundo vya mikono. Nilimlisha, tonge baada ya tonge, na alipomaliza nilimwambia kwa sauti ndogo, "Niambie mimi."

"Nikikwambia sikufanya, utaamini?"

Nilipaswa kujibu haraka. Sikujibu haraka. Niliona tena lile tonge lililowekwa chini, nikasikia tena yale maneno yake, na nikawaza kuhusu kisu. Nilipofungua kinywa hatimaye, tayari alikuwa ameugeuzia uso wake ghalani.

"Nenda," alisema. "Mtoto atashikwa na baridi."

Asubuhi ya siku ya tatu nilivizia mama aende ziwani, nikaingia kwa kaka. Nilipiga magoti mlangoni.

"Shikamoo kaka."

Aligeuzia uso mlangoni, akasema, "Marahaba. Mama akikukuta hapa itakuwa vita."

"Nataka unieleze kitu kimoja tu. Kabla ya maumivu, ulisikia nini?"

"Nilimsikia akicheka."

"Alichekaje?"

"Kwa meno. Aliyasaga. Krr, krr, krr, kama bawaba kavu ya mlango. Kisha ndiyo ikaja."

Mume wangu nimeishi naye miaka mingi, na hata wakati ule nilikuwa nimeishi naye kiasi cha kutosha kujua kicheko chake. Alicheka kwa pua, mabega yakitikisika, bila sauti.

"Ulisikiaje meno ya mtu huku msumeno unalia?"

"Msumeno ulikuwa umesimama. Alikuwa anagongea kabari kwenye mpasuko."

"Na sauti ilitoka mbali au karibu?"

Alifikiri. Niliona vidole vyake vikiukwaruza mkeka.

"Karibu," alisema polepole. "Karibu na uso wangu."

Kutoka juu ya gogo hadi usoni pa mtu aliye shimoni ni zaidi ya urefu wa mkono. Na yule aliyekuwa juu alikuwa na nyundo inayogonga. Tulisikia ndoo ya mama ikigonga lango, na kaka akaninong'oneza, "Pitia nyuma."

Nilimkuta dresa kwa mwanangwa, alikolala, akifunga sanduku lake arudi dispensari.

"Nimekwisha kusema nilichosema, mama," alianza kabla sijatoa neno. "Siwezi kukitengua."

"Sikuombi ukitengue. Umesema kuhusu mdudu unayemjua. Njoo tumtafute usiyemjua."

Alinitazama, akatazama njia yake ya kurudi, akafungua tena sanduku. Akatoa chupa pana ya kioo iliyowahi kuwa na pamba na kichupa kidogo cha vidonge, vyote vitupu.

Shimoni hapakuwa na mtu. Gogo lilikuwa limelala vile vile, msumeno umekwama ndani yake, kabari mbili zimezama katika mpasuko. Kabari zilikuwa zimelitanua gogo, na upande wa chini gamba la mti lilikuwa limeachia na kuning'inia. Dresa alianza kukunja suruali ashuke.

"Hapana," nilimwambia. "Ukipofuka wewe, nani atatutibu sisi?"

Nikamkabidhi mtoto. Alimpokea kwa mikono iliyonyooka, kama anapokea kitu cha serikali.

Chini maji yalifika kwenye vifundo vya miguu, na unga wa mvule ulikuwa umechacha ukanuka kama pombe iliyoharibika. Nilijifunika uso kwa kaniki, kitambaa kikawa chembamba mbele ya macho kiasi cha kuona kupitia nyuzi zake. Nikachukua kijiti, nikaanza kulinyanyua gamba kidogo kidogo. Wakatoka mchwa. Akatoka jongoo, akaniangukia begani. Ukutani, karibu na mkono wangu, nilimwona yule mwekundu mwembamba akipanda mbio na mkia wake umekunjwa, nikasita, nikamwingiza kwenye kichupa bila kumgusa. Nikaendelea na gamba. Nilijua kwamba kama chini ya gamba lile hapakuwa na kitu, basi nilikuwa nimeolewa na mtu ambaye sikumjua.

Krr. Krr. Krr.

Dresa juu alisema, "Mama?" nami nikamwambia anyamaze.

Alikuwa pale, kichwa chini miguu juu, ameshikilia mti. Mweusi, mrefu kama nusu ya kidole changu cha kati, umbo lake kama la kunguni, ila kunguni mmoja huyu angeweza kuwa baba wa kunguni wote. Mgongoni alikuwa na madoa mawili ya rangi ya chungwa, na miguuni pete nyekundu. Mdomo wake ulikuwa kama sindano nene iliyokunjwa chini ya kifua, na alikuwa ameuchomoa kutoka kwa mende mmoja ambaye alikuwa amembakiza gamba tupu. Hakukimbia. Hicho ndicho kilichonitisha. Wadudu wa chini ya gamba hukimbia mwanga. Huyu aliinua kichwa akanielekea. Sauti ikaja tena, na papo hapo nikahisi matone yakigonga kaniki mbele ya macho, mepesi, kama mtu amenipigia chafya.

Nilimfunika kwa chupa. Nilipotaka kumsukuma ndani kwa kidole gumba, alikichoma. Nimezaa watoto watano, na bado nasema sijapata kuona maumivu yaliyoingia kwa haraka kama yale. Lakini sikuiachia chupa. Dresa alinivuta juu kwa mkono mmoja, mtoto amemkumbatia kwa mwingine, na tukaketi chini pembeni mwa shimo. Yule mdudu alisaga sauti yake ndani ya kioo, dresa akainamisha uso amtazame, na matone mawili yakapiga kioo mbele ya pua yake kabisa. Alirudi nyuma, nusura amwangushe mtoto wangu.

"Ametupima," alisema. "Umeona? Ameyalenga macho."

Siku nzima iliyobaki aliwaweka wadudu wale wawili juu ya kigoda nyumbani kwa mwanangwa, chupa kando ya kichupa, akiwatazama na kunionyesha. Yule mdogo, alisema, hana shari na mtu. Anakimbia huku na huku, na sumu yake imo ndani ya damu yake; haitoki mpaka umuue. Yule mkubwa hujificha mchana chini ya magamba na katika mashimo ya miti, huwadunga wadudu wenzake akawanyonya, na ukimsumbua hukuonya kwanza kwa sauti, kisha hutema. Mmoja unamdhuru ndipo akudhuru. Mwingine hangoji.

Mwanangwa alisikiliza. "Maneno mazuri," alisema. "Lakini kesho nitakuwa na ukoo mzima mbele yangu, na wao hawali maneno."

Dresa alikunja mkono wa shati. Mbele ya mwanangwa na walinzi wawili alimtoa yule mwekundu, akamponda kwenye mkono wake wa kushoto, akamsugua. "Naumwa?" aliwauliza. "Siumwi. Kesho mtaniangalia tena."

Baraza lilijaa kabla umande haujakauka. Mume wangu aliketi chini, mikono imefungwa mbele. Kaka aliletwa na mama, macho yamefungwa kitambaa. Kutoka pale tulipokaa mashua ilionekana wazi, na mabaharia wake wawili walikuwa wamepanda hadi barazani kungoja waambiwe watapakia nini.

Dresa alianza kwa kunyoosha mkono wake. Mstari mwekundu, mpana kama kidole, na juu yake malengelenge yaliyojaa maji. Watu walisogea kutazama. Walinzi walishuhudia kwamba jana haukuwa na kitu. "Hii ni sumu ya kesho," alisema, "nami niliwaambia ukweli kwamba si hii iliyompata mgonjwa. Lakini nilikosea nilipodhani hakuna nyingine." Akainyanyua chupa, akaeleza tulivyompata, akaitikisa, na yule mdudu akatema kwenye kioo.

Mzee mmoja wa ukoo wetu alisimama. "Hata chura hutema. Kutema ndani ya chupa si neno. Nani atatuambia kwamba mate hayo yanapofusha mtu mzima?"

Watu wakaitika. Mwanangwa alikuna kidevu. "Ni kweli. Tutajuaje?"

"Mleteni kwangu," mume wangu alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile.

"Huyu atajiliza," mzee alijibu. "Mwenye kesi halii kweli."

Nikaona mabaharia wananong'onezana. Nilisimama, nikamfungua mtoto mgongoni, nikaenda nikamweka kwenye mapaja ya mama yangu. Mama alimshika. Kisha nikapiga magoti mbele ya kigoda.

"Hapana," mume wangu alisema. "Wewe hapana."

Dresa aliniwekea mkono begani. "Jicho moja tu," alininong'oneza. "Fumba la kushoto, ulizibe kwa kiganja."

Nilifungua chupa, nikaielekeza jicho langu la kulia. Baraza zima lilikuwa kimya, hata watoto, na katika kimya kile ile sauti ilisikika na kila mtu. Krr, krr, krr. Nilimwona ananilenga. Nilitaka kufumba. Sikufumba.

Sitaeleza sana. Ilikuwa kama kaa la moto limeingia jichoni na halizimiki. Pua ikafunguka, koo likafunga, nikasikia mtu analia kwa sauti isiyokatika, na ilichukua muda nijue kwamba ni mimi. Dresa alikuwa ananimwagia maji, mtu mwingine amenishika mabega. Ndani ya kelele hizo nilisikia kaka yangu akisema jambo, akarudia kwa nguvu zaidi.

"Mfungueni!"

Aliyekuwa karibu naye alisimulia baadaye kwamba alikuwa amesimama peke yake, mikono imenyooka mbele kama anatafuta mlango.

"Ile sauti," alisema. "Ile krr. Ndiyo niliyoisikia. Hayakuwa meno ya mtu. Na huo mlio wa mdogo wangu ni mlio wangu. Mfungueni shemeji yangu."

Mwanangwa mwenyewe ndiye aliyekata kamba. Mashua iliondoka alasiri na mbao zilizokuwepo, bila mtu.

Nilikaa siku tatu katika chumba chenye giza, dresa akinisafisha jicho kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo. Siku ya tano niliona rangi ya moto jikoni, kisha umbo la chungu, kisha uso wa mtoto wangu. Kaka hakubahatika hivyo. Jicho la kulia lilirudi baada ya wiki mbili. La kushoto lilibaki na wingu jeupe. Dresa alisema mate ya mdudu peke yake yasingefanya vile. Jicho lile lilisuguliwa na unga wa mbao, likatiwa majani. Hakuuliza mkono wa nani uliyatwanga yale majani. Mimi najua, na mama yetu alijua, na aliingia kaburini bila mtu yeyote kulitamka.

Nilidhani mume wangu angerudi nyumbani na furaha. Alirudi, akala, akalala, akaamka akafanya kazi. Baada ya siku nyingi, tukipalilia, aliniuliza bila kuinua jembe, "Uliingia shimoni kwa sababu uliniamini, au kwa sababu ulitaka kujua?"

Ningeweza kumdanganya, na labda ningetuepusha na mwaka mmoja au miwili ya ukimya. "Nilitaka kujua," nilisema.

Aliendelea kupalilia hadi mwisho wa tuta. Huko mwisho akasema, "Afadhali."

Hakupasua mbao tena. Tulivuka tukaja Mwanza, tukapata kiwanja cha kulima huku Mkolani, wakati huo pakiwa vichaka na mawe, naye akafanya kazi ya kupakua mizigo bandarini. Kaka alikaa miaka bila kuja. Halafu siku moja akatokea uani na sato wawili wakubwa wametungwa kwenye ukindu, akabisha hodi kama mgeni. Niliwapikia. Walizungumza kuhusu mvua, kuhusu pamba, kuhusu ng'ombe wa jirani aliyevunjika mguu. Mdudu hakutajwa wala shimo halikutajwa, na mimi niliyekuwa nikingoja kila neno nilichoka kungoja nikaenda kuosha vyombo.

Alipoaga, mume wangu alimsindikiza hadi bandarini, safari ndefu kwa miguu. Nilisimama nje nikawaangalia wakishuka njia ya mawe. Mume wangu alianza kwa kutembea upande wa kulia wa kaka. Baada ya hatua chache alizunguka nyuma yake, akahamia kushoto, upande ule wa jicho bovu, na wakaendelea hivyo mpaka waliponipotea.